Nyumba Ndogo Nyuma ya Kanisa

Ninyi mnaopokea funguo zangu, someni haya kwanza kabla ya kunipigia simu. Mimi sikusoma sana. Shule yangu iliishia darasa la nne kule Uvira, vita vikafunga yaliyobaki, na kambi ya wakimbizi kule Kigoma ikaninyoosha Kiswahili. Wajukuu wangu nikiwasemesha Kiswahili hicho wananijibu Kiswidi, kwa hiyo nimeona bora niwaandikie ninyi, ambao angalau mnalipwa kunisikiliza. Mambo ya kupandishwa cheo hamtayakuta humu. Mtunza kanisa hana pa kupanda ila ngazi ya kubadilishia balbu.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Mzee Bengt, mtunza kanisa aliyekuwapo kabla yangu. Waswidi kazi hii wanaiita vaktmästare, na niliposikia neno hilo nilidhani nimefanywa bwana mkubwa wa walinzi. Nikatoka kwangu, mtaa wa Hallonbergen, nimevaa koti jeusi la harusi na viatu vya kisigino. Mzee Bengt alinitazama kutoka juu hadi chini, akarudi juu. Akanipa koleo la theluji.

Ninayoyajua alinifundisha yeye, na maneno yake yalikuwa machache kama nywele zake. Theluji husukumwa, haiinuliwi. Anayeiinua mgongo wake utamjibu kesho. Changarawe humwagwa kabla mtu hajateleza, si baada ya gari la wagonjwa kuondoka. Sakafu ya ukumbi ni mbao za msonobari, haipendi sabuni nyingi. Ufunguo wenye utepe mwekundu ni wa chumba cha boila, ule mtambo wa kupasha jengo joto, na haukopeshwi kwa mtu yeyote, hata akija ameshika Biblia. Nilimwita Mzee, akaniuliza maana yake. Nikamwambia ni neno la heshima kwa mtu mwenye umri.

"Kwa hiyo ni mzee tu," akasema, akaendelea kukoroga rangi.

Yeye aliniita Salome, jina tupu, kama Waswidi wanavyomwita kila mtu hata mchungaji. Watu wetu waliniita Mama Riziki. Nikaishi hivyo miaka yote. Nikisikia Salome, najua bomba limevuja. Nikisikia Mama Riziki, kuna mtu amesahau sufuria yake.

Maana kanisa lilikuwa moja, lakini makusanyiko mawili. Asubuhi ni Waswidi, wenye jengo lao, wachache na wazee, wanaanza kengele ikigonga na kumaliza kahawa ikiwa tayari. Mchana ni sisi: Warundi, Wakongomani, Watanzania wachache na Wakenya wawili watatu wanaotusahihisha. Sisi tunaanza saa nane, yaani saa tisa. Waswidi walitaka ukumbi wa baridi kidogo ili watu wasisinzie. Wetu walitaka joto la Bujumbura. Mimi nilikaa katikati na kitufe cha boila, na nawaambia, amani ya makusanyiko yale mawili haikuletwa na maombi. Ililetwa na ufunguo wenye utepe mwekundu.

Jambo gumu la kwanza lilikuwa mkesha. Watu wetu waliomba ukumbi wa kukesha katika maombi, kuanzia jioni hadi asubuhi. Wazee wa Kiswidi wakashtuka: jengo lile ni la mikutano, si la kulala watu, na mambo ya moto huku hayana utani. Mzee Bengt akaenda kuuliza anakojua yeye, akarudi na jibu.

"Watu wakiwa macho, ni mkutano," aliniambia. "Wakilala, ni hoteli. Hatuna ruhusa ya hoteli."

Tangu hapo kila mkesha nilikuwa natembea kati ya viti na ufagio, na mtu akianza kuinamisha shingo namgusa bega na mpini. Wengine walidhani wameguswa na Roho. Sikuwasahihisha. Muyakumbuke maneno haya ya Mzee Bengt, maana huko mbele yatanirudia vibaya. Yeye mwenyewe alistaafu, kisha akafariki. Siku ya kumzika nilimpikia kahawa kali aliyoipenda, ile ambayo daktari alimkataza.

Sasa niwaeleze kile kijumba kilichoko nyuma ya kanisa, maana mtaulizwa.

Kilianza na Mama Jenerosa. Ni mama wa Fizi, mjane, umri wake ni wangu, anasafisha ofisi moja pale Sundbyberg alfajiri kabla wenye ofisi hawajafika. Alikuwa amepanga chumba kwa familia fulani, chumba cha kupangiwa na aliyepanga, na mwenye nyumba alipogundua akawataka watu wapungue. Aliyepungua ni yeye. Nyumba za huku zina foleni. Mtu hujiandikisha akiwa kijana na kuitwa akiwa na mvi, na Jenerosa alijiandikisha akiwa na mvi tayari. Hesabu hiyo mtaifanya wenyewe. Alilala kwenye makochi ya watu, leo huku kesho kule, na mfuko wake wa nguo aliuacha kwenye kabati langu la mafagio.

Mchungaji wetu, Mchungaji Eliya, Mrundi, ana moyo mwema na mdomo mwepesi, na mara nyingi vile viwili havikupatana. Alikubaliana na wazee wa Kiswidi kwamba kijumba kiwekwe nyuma ya kanisa, kwenye nyasi. Deo, fundi mbao wa kwetu, ambaye anafanya kazi kwenye kiwanda cha malori kule Södertälje, akakijenga siku zake za mapumziko: kitanda, meza ya kukunja, jiko la umeme, choo kidogo, dirisha lenye pazia. Akakiweka juu ya trela la magurudumu manne. Kazi safi. Mlango ulifungwa bila kupigwa teke, jambo ambalo mlango wa kanisa haujawahi kufanya.

Jumapili iliyofuata Mchungaji Eliya akapanda madhabahuni kutangaza.

"Ndugu zangu," akasema, "mmejua nilivyohangaika. Nimeomba, nimefunga. Leo nawatangazia kwa furaha kwamba nimepata nyumba ndogo."

Watanzania waliacha kujipepea. Mkenya mmoja akakohoa.

"Iko hapa hapa nyuma ya kanisa. Ni nzuri, ina joto. Mke wangu ameiona, naye ameipenda."

Upande wa Watanzania ukaanguka kabisa. Kuna mama alishika kiti cha mbele asianguke. Wakongomani na Warundi wakageuka kuwatazama, hawaelewi, hata Deo akauliza, "Jamani, nyumba ndogo ina nini?" Mtanzania aliyekuwa jirani yake akamnong'oneza kwamba kwao nyumba ndogo ni mwanamke wa pembeni. Deo akafikiri kidogo, kisha akatafsiri kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia: "Aaa! Deuxième bureau!" Hapo na Wakongomani wakajiunga, na mke wa mchungaji akafungua Biblia yake akainama, mabega yakitikisika.

Mimi sikucheka. Nilikuwa kazini. Lakini tangu siku hiyo ni marufuku kusema nyumba ndogo ndani ya jengo hili, semeni kijumba.

Jenerosa hakukaa wiki nyingi kwa raha. Ng'ambo ya uzio anaishi mzee mmoja Mswidi anaitwa Göran, mtu wa maua na kimya. Akaiuliza manispaa ni kitu gani kimeota nyuma ya kanisa. Hakutukana, aliuliza tu. Huku mtu akiuliza, hujibiwa kwa kutembelewa. Akaja binti wa ofisi ya ujenzi, Johanna, kofia ya sufu, viatu vikubwa vya baridi, mpole. Tulisimama nje kwenye baridi: yeye, mchungaji, Deo, mimi na koleo langu, na Jenerosa ameshika ndoo ya maji kama msaidizi wangu.

Johanna alieleza polepole, na nilikuwa namtafsiria Jenerosa. Kwanza, kila kiwanja kina mpango wake wa matumizi, na mpango wa kiwanja hiki unasema ni cha mikutano ya ibada, si cha makazi. Pili, kweli kuna kijumba ambacho mtu anaweza kukijenga bila kuomba ruhusa ya ujenzi, lakini kando ya nyumba ya kuishi tu.

"Lakini nyumba ipo," Mchungaji Eliya akasema, akionyesha kanisa. "Hii ni nyumba ya Mungu."

Johanna akalitazama jengo, akafikiri kwa adabu. "Ameandikishwa kukaa kwenye anwani hii?"

Nikamtafsiria Jenerosa, naye akasema, "Mwambie yuko kila mahali." Nikamwambia Johanna. Akasema kwamba mtu wa kila mahali huwa ni shida sana kumwandikisha.

Deo akajaribu upande wake. "Dada, hii ina magurudumu. Ni gari."

"Gari linalosimama mahali pamoja na mtu anaishi ndani, kwetu ni nyumba," Johanna akasema. "Kama hakuna anayeishi, ni trela tu lililoegeshwa. Kwa hiyo nauliza: kuna mtu analala humu?"

Swali dogo kabisa. Niliona jasho kwenye paji la mchungaji, na ilikuwa Januari. Alijua akisema ndiyo, Jenerosa atarudi kwenye makochi, na makochi yalikuwa yamekwisha. Macho yake yakaniangukia mimi, yakaenda kwenye mpini wa koleo, na nikajua amekumbuka mikesha na ufagio.

"Hakuna anayelala," akasema. "Hiki ni kijumba cha maombi. Watu wanakesha humu."

Johanna alichungulia mlangoni bila kuingia, akaona kitanda. Mchungaji akasema ni cha kupigia magoti watu wenye miguu mibovu. Akaona mto. Ni wa magoti pia. Johanna akaandika, akasema sawa, trela la maombi, akaenda zake. Mchungaji akashusha pumzi ikatoka kama moshi wa treni.

"Mama Jenerosa, umesikia nilivyosema," akamwambia. "Mtu akiuliza, jibu ni hilo hilo. Usiniangushe."

"Mimi sisemi uongo, mchungaji."

"Nani amekwambia useme uongo? Sema unakesha."

Jenerosa akaibeba ile ndoo, akafikiri njia nzima hadi mlangoni. "Basi nitakesha," akasema.

Sisi tulidhani ni maneno. Mama yule akisema jambo si maneno.

Majuma yaliyofuata nikaanza kumwona Jenerosa akisinzia ibadani. Si kusinzia kwa mtu mzima baada ya wali. Ni usingizi wa jiwe kisimani. Anakaa safu ya nyuma karibu na kipasha joto, wimbo wa kwanza haujaisha, kinywa kiko wazi. Mchungaji Eliya hakumwona ni nani, miwani yake ni ya kusomea tu. Jumapili moja akapiga meza.

"Kuna watu Shetani anawabembeleza mbele ya macho yangu! Nyumba ya Bwana si mahali pa kulala! Kama umechoka, si ulale kwako?"

Watu wakageuka wakamwangalia. Jenerosa akaamka, akasema "Amina," akalala tena.

Aliyefumbua jambo ni Deo. Alinikuta nasafisha birika la kahawa, akasimama mlangoni na kofia yake ya kazi.

"Mama Riziki, yule Mama Jenerosa ana ndugu Södertälje?"

"Hana ndugu Södertälje. Hana ndugu popote huku."

"Mbona kila nikienda zamu namkuta kwenye treni? Amelala hoi. Tukifika mwisho wa njia nashuka, yeye hashuki. Nikamuuliza mwenzangu wa zamu nyingine, akasema hata yeye amemkuta, treni ikirudi mjini. Anakwenda na kurudi kama abiria wa mizigo."

Nikaweka kitambaa chini. Nikaenda nyuma ya kanisa, nikagonga, nikaingia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, Biblia magotini, taa inawaka mchana kweupe. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka imenyooka kama meza ya bwana harusi. Mto ulikuwa bado kwenye nailoni ya dukani.

"Jenerosa, unalala wapi?"

"Kwenye treni. Ina joto, na tiketi yangu ni ya mwezi."

"Na humu?"

"Humu hakuna anayelala. Si mlimwambia yule binti hivyo? Hakusema usiku wala mchana, alisema analala. Basi silali."

"Kwa hiyo usiku kucha unafanya nini?"

"Naomba. Maombi yakiisha naimba polepole. Nyimbo zikiisha nawaombea watu ninaowachukia, hao ni wengi, wananifikisha saa ya kwenda kazini."

Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepika kwa kuni mbichi.

"Utakufa," nikamwambia.

"Nitakufa sijasema uongo."

"Na mimi ndiye nitakayepanga viti vya mazishi. Umenifikiria mimi?"

Akacheka, kisha kicheko kikamgeukia, akajifuta machozi kwa kanga. "Dada, nimelala msituni, nimelala kambini, nimelala chini ya meza ya watu. Hapa ndipo mahali pa kwanza pana mlango ninaoufunga mwenyewe. Kama bei yake ni usingizi, nitalipa."

Nilikwenda kwa Mchungaji Eliya nikamwambia vile vile kama nilivyosikia, sikupunguza wala sikuongeza. Alikaa kwenye ngazi za madhabahu. Baadaye akasema, "Mwambie alale, mama. Mimi nitabeba." Nikamwambia dhambi si sufuria, haibebwi na mtu mwingine kwa vitambaa. Na kweli Jenerosa alipoambiwa alikataa. Neno lilikuwa limeshatolewa kwa serikali, na yeye serikali anaiogopa kuliko mchungaji.

Hapo ndipo mambo yakajipinda yenyewe. Göran, yule jirani wa maua, akaandika tena manispaa. Safari hii hakulalamikia kijumba. Alilalamikia taa. Taa inawaka usiku kucha na inaingia chumbani kwake, na kuna mtu anaimba kwa sauti ya chini, vizuri, lakini anaimba. Yaani mama yule angezima taa akalala kama watu wote, dunia isingejua. Ule ukweli wake ndio ulioonekana hadi ng'ambo ya uzio.

Johanna akarudi. Theluji ilikuwa nyingi siku hiyo, nilikuwa nimefungua njia nyembamba tu. Mchungaji akaja mbio na kola yake ya uchungaji mfukoni. Jenerosa akafungua mlango, akasema karibu, na safari hii Johanna akaingia. Lakini kwanza aliinama pale kwenye kizingiti, akavua viatu vyake vikubwa, akaviweka pembeni vizuri, akaingia na soksi.

Mmekaa huku, mnajua. Huku mtu havui viatu kanisani. Havivui ofisini wala dukani. Anavivua mahali pamoja tu.

Jenerosa akaviangalia vile viatu. Mchungaji naye akaviona, akawahi kama mtu anayedaka sahani.

"Mnaona! Amevua viatu! Kama Musa! Hata yeye amehisi kwamba hapa ni mahali patakatifu!"

Johanna akaitazama miguu yake, akawa mwekundu. "Hapana," akasema taratibu. "Nimevua kwa sababu ni nyumbani kwa mtu. Sikufikiri, nimevua tu."

Tulikuwa wanne mle ndani, magoti yanagusana. Johanna akamgeukia Jenerosa mwenyewe, si mchungaji, akauliza lile swali lake, nami nikatafsiri: kuna mtu analala humu?

Jenerosa alijiweka sawa kwenye kigoda. "Mwambie hapana. Hakuna anayelala humu. Ndiyo maana nimechoka hivi."

Nikatafsiri neno kwa neno. Johanna akaniangalia kama nimekosea. Nikasema tena. Akaangalia kitanda kilichonyooka, akaangalia mto kwenye nailoni, kisha macho yale mekundu, na nikaona jambo linamwingia polepole kama maji kwenye soksi.

"Halali kabisa? Kwa sababu ya swali langu?"

"Kwa sababu ya jibu langu," Mchungaji Eliya akasema. Sauti yake haikuwa ya madhabahuni. "Nilisema mimi. Kama kuna wa kuandikwa, niandike mimi. Huyu mama usimtoe nje."

Johanna akavua kofia akaikalia, maana hapakuwa na pengine pa kuiweka. Akasema, na nilimtafsiria Jenerosa kila kipande: Mimi naweza kujibu ninachoombwa. Ninyi mliniambia hakuna anayelala, kwa hiyo nikaja kuhakikisha hakuna anayelala. Ruhusa ya kutolala haitolewi na ofisi yetu, kila mtu anayo. Mngeniambia kuna mtu hana pa kukaa, ningewaambia muombe ruhusa ya muda. Ipo. Si ya hakika, majirani wataulizwa, kamati itaamua, dirisha litabidi liwe la kutokea moto ukiwaka, na kijumba kisogezwe mbali na uzio. Lakini ipo. Haiwezi kuombewa mtu mnayesema hayupo.

"Na leo?" Jenerosa akauliza. "Muulize kama leo amenikataza."

Johanna alifikiri sana. "Siwezi kusema ndiyo kabla hamjaomba," akasema. "Lakini sijamkataza mtu yeyote kulala. Hilo sijawahi kulisema."

Nilipomaliza kutafsiri, Jenerosa hakungoja tutoke. Alichukua ule mto, akachana nailoni kwa meno, akaikunja ile nailoni akampa mchungaji aishike. Akajilaza na viatu vyake. Tulikuwa bado tunatafuta namna ya kupishana mlangoni, yeye ameshaanza kukoroma. Johanna akavaa viatu nje, kwenye theluji, ili asitie kelele.

Siku ile upande wa nyuma sikusukuma theluji. Koleo lina kelele kwenye mawe.

Maombi ya ruhusa yakapelekwa na wazee wa Kiswidi, ambao waliona aibu kwamba jambo lote lilipita mgongoni mwao, wakalichangamkia kuliko tulivyotegemea. Deo akakata ukuta akaweka dirisha kubwa na king'ora cha moshi. Tukasogeza kijumba wenyewe, wanaume kumi wakisukuma na mchungaji akihubiri jinsi ya kusukuma. Majirani wakaulizwa. Göran alijibu kwa mstari mmoja, Johanna akanisomea kwenye simu: hana pingamizi, mradi mama yule alale.

Ruhusa ikaja. Ya muda. Nikampelekea Jenerosa, nikamsomea.

"Ya muda?" akasema. "Kule kambini Kigoma nako walituambia ni kwa muda. Nimezaa humo, nimezika humo, nimekuwa bibi humo. Mama Riziki, kwa muda inanitosha."

Ruhusa ikiisha ni juu yenu, mnaobaki, kuomba upya. Ombeni mapema, na semeni mtu yupo. Na changarawe za njia ya kijumba msizisahau. Yeye hutoka alfajiri kabla yenu.

Jambo moja limebaki. Mtamkuta safu ya nyuma karibu na kipasha joto, Jumapili mchana, kinywa wazi, kama zamani. Na mimi nilishangaa. Jumapili yangu ya mwisho kazini nilimwendea baada ya ibada, nikamgusa bega kwa mpini wa ufagio.

"Jenerosa, sasa una ruhusa ya serikali ya kulala nyumbani kwako. Na unalala, Göran mwenyewe ameshukuru. Mbona bado unalala kanisani?"

Akajinyoosha, akatafuta kanga yake chini ya kiti.

"Dada, usingizi ule ulikuwa wa uchovu," akasema. "Huu ni wa mahubiri."